Vipimo vya Baba

Chuno, Mtwara
Jumanne, mwezi wa tano

Kaka yangu Hashimu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba na umelala, maana mara ya mwisho ulipopiga simu sauti yako ilikuwa ya mtu anayekosa vyote viwili. Kikohozi kimekwisha? Nilimwambia Baba, huyu hanywi tangawizi huko, anakunywa maji ya friji tu. Na joto je? Jaime, mwenzako aliyekuja likizo, anatuambia huko Doha mtu anatoka kivulini kama anayetoka kwenye moshi wa tanuri, anakimbilia kivuli kingine. Mungu awalinde nyote.

Sisi huku hatujambo kwa kadiri yake. Mvua zimekatika, barabara ya kuingia kwetu imebaki na madimbwi ambayo bodaboda wanatuomba hela ya ziada kuyavuka. Mihogo niliyopanda nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Cherehani inakwenda, sare za shule zimenijaa mpaka nimeanza kuwakataa watu, na wengine wamenuna. Shangazi Tatu alikuja kutoka Nanyamba na kikapu cha korosho za kubanika, akakaa siku mbili akilalamikia kelele za mjini, akarudi. Anakusalimu sana na anauliza utaoa lini. Nimemwambia hilo akuulize mwenyewe.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati tuna simu. Simu yangu siku hizi haina siri, kaka. Ikilia tu Baba anauliza kama ni wewe, na ujumbe wako wa sauti lazima niufungue papo hapo na yeye asikie. Halafu, haya ninayotaka kukuambia nimeshajaribu kuyasema kwa mdomo. Nilikwenda mpaka kwa jirani ili nikupigie nikiwa peke yangu, ukapokea, nikaishia kukuuliza habari za kazi. Kwa hiyo nimeona niandike. Jaime anarudi huko Ijumaa. Bahasha nitaipeleka kwao, kwa Mama Madalena, na nitamwomba Jaime akupe mkononi siku ambayo huendi zamu.

Ni habari za tangi lako la samaki na matumbawe, na ni habari za Baba. Nianze na tangi.

Ulipolikabidhi kwa Baba ukaondoka, mimi nilijua halitafika mwezi. Mtu aliyezaliwa Nanyamba, akamaliza maisha yake yote kwenye maghala ya korosho, anajua nini habari za matumbawe? Samaki kwake alikuwa wa kukaanga. Na kusema kweli nilishangaa kwamba ulimwachia yeye, kwa sababu wewe na Baba mlikuwa hamna maneno. Tangu tumzike Mama mlikuwa mnakaa sebuleni kila mtu na kona yake. Mnasalimiana, mnakula, mnanyamaza.

Lakini alijifunza. Nadhani hujui ni kiasi gani alijifunza, kwa sababu wewe ulimsikia kwenye simu tu, hukumwona. Mgeni yeyote akija, Baba alikuwa anamvuta mpaka mbele ya kioo na kumweleza kwamba maji yanaweza kung'aa hivyo na bado yakawa na sumu. Kwamba uchafu wa samaki unageuka amonia, na amonia inaua. Kwamba kwenye mawe yale kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoila amonia na kuigeuza, hatua kwa hatua, mpaka iwe naitreti, ambayo haina haraka ya kuua lakini ikizidi matumbawe yanadhoofika, na dawa yake ni kubadilisha maji. Na kwamba kuna kitu kinaitwa alkali, ambacho tumbawe linajengea mifupa yake, kikipungua linakwisha kama mtoto asiyepata maziwa. Mzee Josephu, yule waliyefanya kazi pamoja ghalani, alikuwa anasikiliza mpaka chai inapoa, halafu anasema, "Rajabu, hawa samaki wako wanatunzwa kuliko mimi."

Kila Ijumaa akitoka msikitini alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kofia bado kichwani. Anasuuza vichupa, anachota maji, anadondosha dawa, anatikisa, anasubiri, analinganisha na ile kadi ya rangi. Kisha anakupigia. Mimi kwenye cherehani nilikuwa nasikia kila kitu.

"Amonia?" unauliza.

"Sifuri."

"Naitreti?"

"Kumi. Labda kumi na kidogo."

"Chumvi?"

"Thelathini na tano."

"Haya Baba, vizuri sana."

Halafu kila mtu anasubiri mwenzake akate simu. Nilikuwa nadhani mnazungumzia maji. Sikujua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yenu yote, na kwamba yeye alikuwa anayangoja wiki nzima.

Mambo yalianza kuharibika baada ya msimu wa korosho. Nadhani unakumbuka Baba alivyokuambia alkali imepanda sana. Kile kipimo unakijua vizuri: unadondosha dawa tone kwa tone, unahesabu, mpaka maji yaache ubuluu yawe njano, na idadi ya matone ndiyo jibu. Baba alikutajia matone mengi kupita kawaida. Ukamwambia aache kutia ule unga wa kuongeza alkali mpaka ishuke. Akaacha. Wiki iliyofuata akasema bado iko juu, na iliyofuata pia. Huku yale matumbawe magumu, yale ya zambarau uliyonunua vipande vyake Dar, yakaanza kupauka nchani. Nyama yao ikawa inabanduka, mfupa mweupe unachungulia. Wewe ukasema labda ni taa. Ukatuma taa mpya. Zikafungwa, na matumbawe yakaendelea kufa chini ya mwanga mzuri zaidi.

Halafu ikaja safari ya Msimbati. Tulikwenda kuchota maji ya bahari ya kubadilishia tangi kama kawaida, na Salumu mwenye kigari cha mizigo cha Kirikuu ndiye aliyetupeleka na madumu. Mvua ilikuwa nyingi mwaka huu na Mto Ruvuma, unaomwaga maji yake karibu na hapo, ulijaa vibaya. Tulipofika ufukweni maji yalikuwa na wekundu wa mbali, si yale tuliyozoea. Salumu alichovya kidole akaonja, akasema, "Mzee, maji haya leo hayana ukali." Baba akatoa ile darubini ndogo ya kupimia chumvi, akadondosha tone kwenye kioo chake, akaelekea jua, akachungulia kwa muda mrefu. Akasema, "Kipimo kinasema thelathini na tano." Basi, nani abishane na kipimo? Tukajaza.

Hayo maji yalipoingia kwenye tangi, siku ya pili yake asubuhi matumbawe laini yote yalikuwa yamejikunja kama ngumi. Kangaja wako, yule samaki uliyemlea tangu akiwa kama sarafu, tulimkuta amelala ubavu nyuma ya jiwe. Nyumba ikaanza kunuka. Baba akapima Ijumaa ile kama kawaida, akakupigia kama kawaida, na Mzee Josephu alikuwepo, na simu ilikuwa kwenye spika.

Ulimuuliza amonia. Akasema sifuri.

Sitaki kukuandikia maneno yako yote, unayajua. Lakini sijui kama unajua yalivyosikika huku. Ulisema, "Baba, samaki amekufa, matumbawe yananuka, halafu amonia sifuri? Maji hayasemi uongo. Unapima kweli au unanitajia tu?"

Akasema, "Napima."

Ukasema, "Basi acha. Usiguse tena hilo tangi. Shamimu atafanya."

Baba akajibu, "Sawa, bwana."

Bwana, kaka. Hakukuita mwanangu, hakukuita Hashimu. Mzee Josephu aliinua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu, nilikiona. Mimi nilikaa pale na mkasi mkononi na sikusema neno la kumtetea. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wako. Samaki alikuwa amekufa, nyumba inanuka, na mimi ndiye niliyekuwa nadeki.

Nikaanza kupima mimi. Nilifuata maelekezo yako, na nilipoweka kichupa cha amonia kwenye kadi kilikuwa kijani, kijani cha jani changa la muhogo, wala hakikuhitaji kutafakari. Naitreti ilikuwa nyekundu. Darubini ya chumvi ikasimama chini kabisa ya pale inapotakiwa. Na alkali, ile aliyosema imepanda, mimi nilidondosha matone machache tu na maji yakageuka njano papo hapo. Yaani matumbawe yalikuwa yanakufa njaa miezi yote ile wakati sisi tunaambiwa yameshiba.

Nikakupigia picha nikakutumia. Ukaniandikia, "Umeona? Alikuwa anatunga." Na mimi nikakujibu, "Wazee ndivyo walivyo." Niliandika hivyo nikiwa nimekaa hatua chache kutoka kwake.

Kuanzia siku hiyo Baba akawa hakai tena karibu na dirisha. Alihamia barazani. Ijumaa akirudi msikitini anapita moja kwa moja chumbani kubadilisha kanzu, na mimi ndiye ninayekupigia. Wewe ulikuwa unauliza maji, hukuuliza alipo. Yeye alikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa naona miguu yake.

Sasa nisikilize vizuri.

Siku moja mchana nilikuwa napima, na nilikuwa nimechoka, na moyoni bado nina hasira naye kwa sababu hajakiri. Nikamwita. Nia yangu haikuwa nzuri, kaka. Nilitaka aone kwa macho yake alichotufanyia. Nikampa kichupa cha amonia, nikamwekea kadi mezani, nikasema, "Baba, hebu nionyeshe hii ni ipi."

Akakipokea. Akakipeleka dirishani, akakigeuza, akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali. Kisha akakisimamisha mezani na kuweka kidole kwenye kadi. Kidole hakikuwa kwenye rangi yoyote. Kilikuwa pembeni, juu ya maandishi ya kiwanda.

"Hii," akasema.

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikainua uso nimwambie neno, nikaona anavyonitazama. Alikuwa ananitazama sikioni. Nikasogea kidogo upande wa kulia, polepole, bila kusema, na uso wake haukunifuata.

Nikasema, "Baba."

Akasema, "Funga mlango, mwanangu."

Nikafunga. Akakaa kwenye kile kigoda chake cha zamani, akaniambia kwamba rangi zilianza kumwacha moja moja. Buluu ndiyo iliyotangulia. Alidhani ni dirisha limechafuka, akalisafisha. Akadhani ni kadi imepauka kwa jua, akaanza kuihifadhi ndani ya Biblia ya Mzee Josephu, ile kubwa aliyotuachia tumwekee jalada, maana humo hamna mwanga. Baadaye kadi yote ikawa ya rangi moja, kama khanga iliyofuliwa miaka. Kila kichupa alichokiinua alikiona cha njano, na njano kwenye amonia ni sifuri, basi akasema sifuri. Kwenye alkali alikuwa anadondosha na kungoja maji yageuke, na kwake yana rangi ile ile tangu tone la kwanza, haoni yakigeuka, anaongeza tone, anaongeza tena, mpaka anahisi kama yamegeuka. Ndiyo maana hesabu ilikuwa kubwa.

"Mimi sikutunga," akasema. "Mwambie Hashimu chochote, lakini sikutunga. Nilitaja nilichokiona."

Kisha akaongeza, "Ile ya Msimbati tu. Ile nilikisia. Kwenye darubini sikuona kitu, niliona ukungu. Lakini Salumu alikuwa amesimama pale ananitazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama vile ninaendelea kumgombeza. Akasema watu wa ghalani walikuwa wanamwita Jicho. Akikata korosho alikuwa anaitazama mara moja tu na kusema hii safi, hii imeoza, hii imevunda kwa unyevu, na gunia zima linapewa daraja kwa neno lake, na mkulima anakubali. Mtu wa namna hiyo anaanzaje kumwambia mwanawe kwamba hajui kijani na njano? Halafu akasema lile ambalo silali nikilikumbuka. Akasema, "Nikisema sioni, atampa kazi mtu mwingine. Sasa mimi na yeye tutazungumza nini?"

Nilimpeleka hospitali kesho yake. Alinikatalia mpaka nikamwambia nitamwita Shangazi Tatu, ndipo akavaa viatu. Daktari wa macho ni mwanamke, anaitwa Daktari Neema, mpole sana. Alimketisha akamwambia atazame mbele tu, halafu akawa anauleta mkono wake kutoka pembeni, akimwambia aseme akiuona. Nilikuwa nimesimama nyuma. Mkono ulikuja, ukaja, ukafika karibu kabisa na pua ndipo Baba akasema, "Naam, huo hapo."

Ni presha ya macho. Daktari alinieleza taratibu kwamba ndani ya jicho maji yanapozidi yanakandamiza mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo, na mshipa unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Hauumi. Mtu hajui mpaka imebaki kama tundu la kuchungulia. Jicho la kulia limekwisha, kaka. La kushoto limebaki na duara dogo katikati, na hilo nalo lina ukungu. Amepewa dawa ya kudondosha asubuhi na jioni, ya kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Nilimuuliza daktari kama kuna operesheni, kama tukimpeleka Dar, kama wewe ukituma tumpeleke nje. Akasema operesheni ipo ya kushusha presha, na ataandika rufaa, lakini hakuna ya kurudisha. Halafu akauliza, bila kulaumu, kwa nini tumechelewa, hakuna aliyeona dalili mwaka jana?

Nikamwambia hapana, hatukuona.

Lakini tulikuwa tunaona. Mimi nilikuwa naona. Aliacha baiskeli akasema ni magoti. Alimimina chai nje ya kikombe, na si mara moja, nikamwambia, "Baba, jamani, kitambaa cha watu hicho." Nilimwomba uzi wa buluu akanipa wa kijani, nikamwambia asinichezee nina kazi. Mama Fatuma wa dukani alinijia akilalamika kwamba Mzee Rajabu siku hizi ana maringo, unampungia mkono anapita kama hakuoni. Nikacheka. Nikasema nitamwambia. Na nilimwambia kweli, kaka, nikamgombeza kwa kuwadharau watu, na yeye akasema, "Nitawaomba radhi." Alikwenda dukani kumwomba radhi Mama Fatuma kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu alikuwa anaona ni afadhali aitwe mwenye maringo.

Haya yote yalikuwa mbele yangu. Na ile kadi ya rangi ilikuwa inatuambia kila Ijumaa, mimi na wewe, kwamba kuna kitu hakiko sawa kwa anayeisoma. Wewe ulisema maji hayasemi uongo, na kweli hayakusema. Tulikuwa na majibu mawili yasiyolingana, na kati ya sababu zote zinazoweza kuwepo sisi tukachagua kwamba Baba ni mwongo. Hatukutafuta nyingine.

Baba aliniapisha nisikuambie. Alisema utaona mwenyewe ukija. Nimevunja kiapo chake, na nitamwambia kwamba nimevunja, barua ikishaondoka.

Kuhusu tangi: yale magumu yamekufa yote, imebaki mifupa. Yale laini ya kahawia yamefunguka tena, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wanakula vizuri. Na hiyo si kazi yangu peke yangu. Nilitaka kubadilisha maji yote kwa mara moja, Baba ndiye aliyenizuia, akasema chumvi ikipandishwa ghafla tutaua na kilichobaki, tupandishe kidogo kidogo. Siku hizi tunapima pamoja. Mimi namtajia rangi, nasema njano iliyoanza kwenda kijani, yeye ananiuliza ni kijani cha maembe mabichi au cha mchicha, namjibu, naye ananiambia tufanye nini. Wiki iliyopita alkali ilikaa sawa kwa mara ya kwanza. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kwa hiyo yule mtu wa hoteli uliyesema atakuja kulinunua, Innocent, alikuja, nikamwambia halitauzwa. Unisamehe kwa kuamua bila wewe.

Nina mambo ya kukuomba. Kapime macho yako huko haraka. Daktari Neema amesema ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo. Mimi nimepimwa, niko salama kwa sasa, lakini wewe umefanana na Baba kuliko mimi, na huko mnapimwa mapafu na masikio kila mwaka, sijasikia ukitaja macho.

Usipige simu ukilia. Atajua, na itamuumiza zaidi. Piga Ijumaa baada ya swala, muulize amonia, muulize naitreti, mwache akutajie. Zitakuwa namba za kweli. Na mwombe radhi kwa maneno ya siku ile, lakini mwombe kwa sababu ulimkosea, usimwombe kwa sababu haoni. Mimi nimeshamwomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikaangalie ugali usiungue. Ndivyo alivyonisamehe, nadhani.

La mwisho ni likizo yako. Nimesikia umeisogeza mwaka ujao kwa sababu ya mkataba mpya. Sitaki kuingilia kazi yako. Ila juzi nilimuuliza Baba kama kuna mahali angependa nimpeleke wakati lile duara dogo bado lipo. Nilidhani atataja shambani Nanyamba, au kaburi la Mama. Akasema, "Wanasema Hashimu amefuga ndevu. Kwenye picha za simu namwona kama kivuli. Ningependa kujua zimemkaaje."

Daktari hakunipa tarehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Njoo, kaka.

Shangazi, Mzee Josephu na Mama Fatuma wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba ninaandika. Wasalimie Watanzania wenzako wote mnaokaa pamoja, na mshukuru Jaime kwa kubeba mzigo huu bila kuuliza. Nakuombea afya, riziki na safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
Shamimu